Sindano za Kushonea Maji

Mwaka ule dada yangu alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliojaa alizeti, gurudumu likampita kwenye paja. Alipelekwa hospitali mjini Singida. Aliporudi nyumbani kwetu, upande wa Ilongero, mguu wake ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka kiunoni hadi kwenye vidole. Walisema alale chali mpaka mfupa ushike. Mfupa haukuwa na haraka. Kiangazi kikaisha, mvua zikaja zikapita, na yeye bado yupo kitandani.

Yeye alikuwa darasa la sita, mimi la pili. Kitanda chake kilisogezwa karibu na dirisha, lakini dirisha lenyewe lilikuwa juu, kwa hiyo alichokiona ni kipande cha anga na ncha za mti wa mgunga. Mama na baba walishinda shambani. Nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kumpa maji, kumkuna ndani ya hogo kwa bua la mtama, na kukaa naye.

Siku moja nilimletea mwiba wa nungunungu niliouokota njiani. Nilidhani atautumia kujikunia. Aliushika kwenye mwanga, akaugeuza polepole, kisha akaniuliza nimeupata wapi. Nikamwambia, kwenye njia ya kisimani.

"Hizi haziko huku kwetu," akasema. "Hizi ni sindano za kushonea maji. Kule, mto ukichanika, ndizo wanazoshonea."

Sikuuliza kule ni wapi. Niliuliza mto unachanikaje. Akanieleza kwamba ng'ombe wenye kwato kali wakivuka kwa fujo, maji yanapasuka katikati na samaki wanabaki wanaangaliana kutoka pande mbili. Hapo wanaitwa mafundi.

Kesho yake nilirudi nikikimbia, nimebeba gamba alilovua nyoka. Hilo, akasema, wanafunikia madirisha ya watu wenye aibu, mwanga uingie lakini macho yasiingie. Nyumba ya konokono ilikuwa ghala la minong'ono. Ukizidisha kuijaza, inapasuka na siri zote zinatoka kwa pamoja. Utomvu wa mgunga uliokauka ulikuwa asali ya watu wasiocheka. Na ule moyo mweupe wa bua la alizeti, laini, mwepesi hata huusikii ukiushika, ulikuwa mawingu ya mwaka jana. Yaliyobaki bila kunyesha hukunjwa na kuhifadhiwa, maana huwezi kujua.

Hakuishia kuvipa majina. Alitengeneza. Alichomoa nyuzi kwenye viroba, akakata mawingu kwa wembe, akaunganisha kwa utomvu, na hapo juu ya kifua chake wakaanza kutokea wanyama: mwenye miguu sita ya miiba na tumbo la konokono, ndege wa gamba la nyoka asiyeruka ila anapokasirika. Mama alipotandika kitanda alikuwa akivihamisha kimoja kimoja, ananung'unika kuhusu uchafu, lakini hakuwahi kukitupa hata kimoja.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akipeleka kuku mjini kwa baiskeli na kurudi jioni, anakula, analala. Siku moja alirudi, badala ya kwenda kunawa akapitiliza hadi chumbani kwetu na vumbi lake lote. Akatoa mfukoni unyoya wa heroe, yule ndege wa ziwani, wa rangi ya waridi, akauweka juu ya shuka.

"Leo nimepita kwenu huko," akamwambia dada. "Wamenipa hii."

Akatoka. Dada alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu. Mimi nilichokipata siku hiyo ni uhakika: kama baba amefika, basi kule kupo.

Hogo lilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Alijifunza kutembea upya akishika kuta, kisha fimbo, kisha bila kitu. Baadaye shangazi yetu wa Morogoro akamchukua akasome huko. Aliondoka akichechemea kidogo, amefurahi, hakugeuka nyuma. Wanyama walibaki kwangu. Wengine waliliwa na mchwa.

Niliendelea kuokota. Mpaka leo naokota, na mimi ni mama mtu mzima, mwalimu wa chekechea hapa Mandewa, mjini Singida. Lakini nilikuwa mletaji tu. Mwenye kujua alikuwa yeye. Nikishika kitu cha ajabu, ganda la mbegu au jiwe lenye mistari, najua kabisa kwamba kule kina kazi, ila sijui ni kazi gani. Nimejaribu kubuni mwenyewe. Maneno yanatoka, yanakaa hapo kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Dada aliolewa huko huko, akafungua duka la vitambaa, akazaa. Alikuwa akija kwa misiba na harusi, nyumba imejaa watu, tunaishia kuosha vyombo pamoja. Mwaka jana ndipo alipokuja peke yake, akalala kwangu. Tulipomaliza kula nilileta boksi langu, nikaweka mezani kitu nilichokuwa nimemtunzia: ganda jeusi la mbegu, limejikunja kama sikio.

"Dada, hii kule inaitwaje?"

Alilichukua. Akaligeuza, kama zamani. Kisha akalirudisha mezani. Akasema hakumbuki mambo hayo vizuri. Nikamtajia sindano, mawingu, mto uliochanika. Alitikisa kichwa kwa kila kimoja, kwa upole, kama mtu anayesikia habari za watoto wa jirani.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ulikuwa unatoka na kurudi. Mimi nilikuwa nimelala chali."

Akaanza kukusanya makombo ya mezani kwa kiganja.

"Nilikuwa nakusikia unavyokimbia kutoka njiani," akaendelea. "Nikawa nafikiri, siku nikikosa la kumwambia, ataenda kucheza na wenzake. Nilikuwa naogopa utanichoka."

Miaka yote nilikuwa nikiitamani nchi ile kama mtu anavyotamani kwao, na kumbe yeye aliijenga ili asibaki peke yake, kisha mguu ulipopona akaiacha, kama alivyoiacha fimbo. Akaniuliza kama kuna maji ya moto ya kuoga. Nikaenda kumwekea.

Siku hizi ananipigia Jumapili, akishatoka kanisani. Tunaongea habari za watoto, bei ya vitambaa, presha ya mama. Jumapili iliyopita nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba sikuwahi kumchoka, hata siku moja, na kwamba nilikuwa nakimbia kwa sababu muda wote darasani nilikuwa nawaza uso wake. Nilivuta pumzi. Nikamuuliza kama mvua zimeanza kwao.

Akasema bado.