Banda la Mashua Mbili

Mimi si mmbeya. Ila dirisha la jikoni kwangu linatazama ziwa, na hilo si kosa langu. Kwa hiyo niliona tangu siku ya kwanza kwamba banda alilokuwa akilijenga jirani yangu Tauno lilikuwa pana kupita kiasi.

Tauno ni seremala mstaafu, hajawahi kuoa, na maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kikombe kimoja cha kahawa. Ana mashua moja ya makasia. Kila vuli, kabla ziwa halijaganda, huipandisha ufukoni na kuipindua juu ya magogo kama sisi sote hapa Savo, huku kaskazini kwenye theluji. Mwaka huo akaamua kuijengea banda. Sawa. Lakini banda la kuingia mashua mbili?

"Tauno," nikamwuliza, "umeoa kimya kimya? Hiyo nafasi ya pili ya nani?"

"Ya yeyote," akasema, akapiga msumari ukapinda. Mtu aliyeshika nyundo maisha yake yote anapinda msumari! Nikajua.

Ng'ambo ya ghuba yetu ndogo anaishi Hilkka, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ingawa ng'ombe wenyewe aliwauza zamani. Asubuhi za kiangazi hupiga makasia kwenda kutazama nyavu zake. Mashua yake huilaza chini ya msonobari mkubwa, na majira ya baridi yaliyotangulia tawi lilielemewa na theluji, likaanguka na kuipasua ubao. Tauno ndiye aliyeutengeneza. Alichotaka sasa kilikuwa kitu kimoja tu: mashua ya Hilkka ilale banda moja na yake, na Hilkka mwenyewe apate sababu ya kuvuka ghuba. Na kitu hicho kimoja hakuweza kukitamka.

Banda likaisha. Siku zikapita. Asubuhi moja nikaona utando wa barafu pembeni mwa maji, uvumilivu ukanishinda.

"We Tauno, ziwa linaganda, na mdomo wako uliganda zamani! Mficha uchi hazai. Nenda kamwambie."

"Akikataa?"

"Utafuga kuku humo."

Akapiga moyo konde, akavaa kofia yake nzuri, tukazunguka ghuba kwa miguu. Mimi nilimsindikiza kwa sababu za kiusalama tu.

Tulimkuta Hilkka anakwangua magamba ya samaki ndani ya mashua.

"Hilkka," Tauno akaanza. Akainua macho juu. "Msonobari wako. Matawi yake."

"Matawi yamefanyaje?"

"Ni mengi."

Hilkka akanigeukia. "Kerttu, huyu mzee anaumwa?"

"Anaumwa sana," nikamjibu. "Tena siku nyingi."

"Banda langu lina nafasi," Tauno akasema yote kwa pumzi moja. "Ya mashua yako. Ukitaka. Si lazima."

Hilkka akajifuta mikono kwenye aproni. "Kumbe ndiyo maana likawa pana vile! Mie nikadhani macho yako yamekwisha. Haya, pandeni, kabla sijabadili nia."

Tukavuka, tukapanga magogo, tukaanza kuisukuma. Tauno alikuwa anatabasamu mwenyewe, jambo ambalo sijalizoea. Mashua ikaingia, ikaingia, mpaka tezi, mkia wake, ikagonga ukuta wa nyuma. Omo, pua yake ya mbele, bado ilikuwa nje, mkono mzima na zaidi. Mlango haufungiki.

Jamani! Mashua ile baba yake Hilkka aliiunda ndefu makusudi, ya kuvushia ng'ombe kwenda kulisha visiwani. Kijiji kizima kinajua. Tauno alijenga kwa urefu wa mashua yake mwenyewe, hakumwuliza mtu. Masikio yakamwiva, akavua ile kofia nzuri akawa anaikunja mikononi. Nilimwonea huruma.

"Tauno," Hilkka akasema, "wewe ni seremala. Mashua hii inapita mbele yako kila siku ya Mungu. Hukuona ilivyo ndefu?"

"Sikuwa naangalia mashua."

Alisema hivyo kwa kujitetea tu. Halafu akasikia alichokisema.

Hilkka naye akaiva uso. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

"Basi mlango ubaki wazi," Hilkka akasema hatimaye. "Lakini theluji itajaa huku mbele, na uzito wake nimeshauona. Itabidi niwe nakuja kuifagia."

"Kila siku?" Tauno akauliza.

"Inategemea theluji. Na kahawa."

Ziwa lilipoganda, Hilkka akawa anakuja kwa miguu juu ya barafu, ufagio begani na mkate mtamu wa iliki kwapani. Alivuka hata siku ambazo haikudondoka chembe ya theluji. Alifagia mbao kavu kabisa, kisha akaingia ndani kwa Tauno, na moshi wa jiko la pale ukawa haukatiki.

Kiangazi nilitengeneza baraza langu, mbao zikabaki. Vuli ilipokaribia nikazipakia kwenye mkokoteni nikampelekea.

"Haya, shemeji," nikamwambia, "urefushe banda, mlango ufungike."

Tauno akazipapasa moja moja. Zilikuwa mbao nzuri, zimenyooka, hazina hata fundo.

"Kerttu," akasema, "ukiziacha hapa, nazichoma."