Ndugu Wawili na Ndege Mbili za Mumosho

Harufu ya frigolite inayokatwa kwa waya wa moto haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Mwanzoni ni tamu kidogo, kama sukari inayoanza kuungua, kisha inakwaruza koo na kung'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa mara mbili. Frigolite ndilo jina tunalolipa kwetu Bukavu lile povu jeupe, gumu na jepesi, ambalo televisheni na friji mpya huja zimefungiwa ndani yake. Kiangazi nilichokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nyumba yetu ya mtaa wa Kadutu ilinuka hivyo kuanzia sebuleni hadi kwenye mashuka, na chembe zake nyeupe tulizikuta ndani ya maharage. Hadi leo nikiisikia harufu hiyo hasira hunipanda kabla sijajua nimemkasirikia nani. Kisha nakumbuka. Niliwakasirikia watu wawili, Papa na Tonton Mugisho, na sidhani kama hasira hiyo imekwisha.

Papa alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, mtu wa kukunja mikono ya shati mara mbili, si zaidi. Tonton Mugisho, mdogo wake, alitengeneza simu na redio sokoni. Zamani walikuwa hawaachani. Jumapili baada ya misa Tonton alikuja kwetu kula, na wakishanawa mikono walichora ndege kwenye migongo ya karatasi za mitihani. Walikuwa wamekubaliana kuunda mbili. Ya kwanza ingekuwa na injini ya umeme na kuongozwa kwa rimoti kutoka chini. Ya pili ingekuwa planeri, yaani ndege isiyo na injini kabisa, yenye mabawa marefu membamba, nayo ingekuwa na rimoti yake. Planeri ingepanda mgongoni mwa ile ya injini kama mtoto aliyebebwa kwa kitenge, na zikishafika juu ingeachiliwa ielee peke yake. Papa aliunda planeri, Tonton akaunda ile ya kubeba. Rimoti zote mbili waliletewa na rafiki yao aliyekuwa akirudi kutoka Kampala. Kila kitu kilikuwa karibu tayari, na hapo ndipo Koko, mama yao, alipofariki.

Alifariki msimu wa mvua, kijijini Mudaka, wakati Tonton alikuwa Shabunda akitengeneza redio za wachimba dhahabu. Huko simu haikushika, na barabara ilikuwa matope matupu. Papa alimpigia siku tatu mfululizo, kisha akaamua Koko azikwe. Tonton, ambaye habari ilimfikia kwa mdomo wa wasafiri, alifika siku mbili baadaye, na viatu vilivyopasuka, akakuta udongo umeshashindiliwa na maua yameanza kunyauka. Alisimama pale muda mrefu. Hakumwambia Papa neno siku ile, wala kesho yake, wala miezi tisa iliyofuata. Papa naye, ambaye nadhani alijiona ana haki, hakumtafuta.

Mtu mwenye akili angefikiri kwamba mradi wa ndege uliishia hapo. Haukuishia. Shule zilipofungwa, Papa aliwasha tena waya wake wa moto akamalizia bawa la kushoto, na jioni moja akaniambia niende sokoni nimwambie Tonton kwamba planeri iko tayari. Tonton alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa. Hakuinua kichwa. Alisema nimwambie papa yangu kwamba Jumapili, saa tatu, Mumosho, kwenye malisho ya juu. Nilirudi na jibu hilo nikiwa na furaha kama mjinga, nikidhani nimepatanisha watu. Kumbe nilikuwa nimejiandikisha kazi.

Niseme pia kwamba kiangazi hicho nilikuwa nimeahidiwa kwenda Minova kwa mama mdogo, kuogelea ziwani na binamu zangu na kushinda sokoni naye akiuza vitenge. Nguo zangu zilikuwa tayari kwenye mfuko. Papa alizitoa yeye mwenyewe akazirudisha kabatini, akasema ananihitaji. Maman alipinga mara moja tu, akarudi jikoni. Nilipomfuata huko nikilia, aliendelea kugeuza sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwani, kwenye mafuta akaniambia kwamba wale ni wanaume wawili wazima, na yeye hana nguvu ya kuwalea juu ya watoto wanne alionao.

Kwa hiyo kila Jumapili tulitoka. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, kwa kuwa Papa na Tonton hawakuweza kukaa kwenye moja. Mimi nilikaa nyuma ya Papa nikiwa nimeshika mabawa ya planeri yamesimama wima, upepo ukiyasukuma hadi mikono ikafa ganzi. Tonton alikuja nyuma yetu na ndege ya injini, karibu kiasi kwamba niliona vumbi kwenye nyusi zake, na hakuna aliyempungia mwenzake mkono. Mumosho kuna kilima chenye majani mafupi ambapo watu huchunga ng'ombe, na chini yake Mto Ruzizi unapinda katika ukungu wa kiangazi. Walifunga planeri mgongoni mwa ile nyingine kwa mpira na kipini cha waya, vidole vyao vikigusana, macho yakitazama kipini. Kisha Papa alihesabu hatua kumi upande mmoja, Tonton akasimama alipo, nami nikawekwa katikati.

Sasa fikiria upumbavu wake. Kipini cha kuachilia planeri kilivutwa na rimoti ya Tonton, kwa sababu yeye ndiye aliyeongoza ndege ya kubeba. Lakini aliyejua planeri iko tayari lini ni Papa. Ilibidi mmoja aseme na mwingine atende papo hapo, na hao hawakuwa wakisemezana. Papa aliniambia, "Ambia tonton yako aachiliye." Nilikimbia hatua tano, nikasema. Tonton alijibu kwamba nimwambie papa yangu pua bado iko chini. Nilirudi. Papa akasema pua haiko chini, macho ya ndugu yake ndiyo yaliyo chini. Nilipofika tena kwa Tonton, ndege zilikuwa zimeshageuka na upepo unazipiga kutoka nyuma. Jumapili ya kwanza aliachilia zikiwa zimelala ubavu, planeri ikakata mkia wa mwenzake. Jumapili ya pili kipini kilikwama, zikaanguka pamoja katika shamba la maharage, na mwenye shamba, mama mmoja aliyekuwa na jembe begani, alitaka kujua nani atamwomba radhi. Papa alimtazama Tonton, Tonton akatazama mto. Nilimwomba radhi mimi, kisha nikamsaidia kuinua mimea iliyolala.

Ya tatu sitaki hata kuieleza. Ya nne ilinyesha, katikati ya kiangazi, na walisimama chini ya miti miwili tofauti.

Wachungaji walituuliza swali lile lile kila mara: kwa nini planeri isirushwe kwa mkono tu, maana mteremko upo na upepo unapanda? Papa alijibu kwa maneno mengi ya fizikia kuhusu kimo na kasi. Nilimsikiliza mpaka nikayajua kwa moyo, na siku moja, nikiwa nyuma yake kwenye pikipiki, niligundua kwamba yote hayakuwa kweli. Wachungaji walikuwa sahihi. Papa angeweza kuirusha kwa mkono akiwa peke yake, siku yoyote aliyotaka. Ila hapo asingemhitaji Tonton. Na Tonton, ambaye angeweza kurusha ndege yake bila mzigo mgongoni, alikuja kila Jumapili saa tatu kamili. Ugunduzi huo haukunilainisha moyo. Ulinikasirisha zaidi. Kama walitakana hivyo, mimi nilikuwa nakimbizwa kwa ajili gani?

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, frigolite ilikuwa imekwisha. Mkia wa ndege ya Tonton ulikuwa na viraka vitatu, na betri yake ilikuwa imechoka, haivuki dakika sita. Papa alinieleza, ili nikamweleze Tonton, kwamba zikianguka leo hakuna tena. Zilipaa vizuri kuliko siku zote. Zilizunguka mara mbili juu ya malisho, bawa refu juu ya bawa fupi, na sauti ya injini ikawa ndogo kama ya nyuki. Papa akasema nimwambie tonton yangu aelekeze pua kwa upepo. Nilikwenda. Tonton akasema nimwambie papa yangu alishaielekeza kabla yeye hajawaza. Nilirudi nusu ya njia. Kiatu changu kimoja kilikuwa kimekatika kamba. Nilitazama hatua zilizobaki, nikakaa chini kwenye majani.

"Muongeleane wenyewe," nilisema. "Mimi sitembei tena."

Papa aligeuza uso kunitazama, kisha akaurudisha juu haraka, kwa sababu hakuweza kuacha kutazama ndege. Sikuwa nimewahi kumkatalia jambo mbele ya mtu. Lakini sikuinuka. Injini ilianza kukoroma kwa vipande, dalili kwamba betri inakata. Niliona midomo ya Papa ikifunguka na kufungika, kama mtu anayejaribu lugha ya kigeni.

"Mugisho," alisema hatimaye. "Achiliya."

"Bado, Yaya," Tonton akajibu. "Ngoya imalize kugeuka."

Yaya. Ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, na mara ya mwisho nilikuwa nimesikia Tonton akimwita hivyo kabla ya Koko kufa.

"Sasa?"

"Sasa."

Kipini kilitoka. Ndege ya injini ilishuka kidogo, planeri ikabaki juu, peke yake, bila sauti yoyote. Papa aliipeleka pole pole kuelekea mteremko mmoja uliokuwa umechomwa moto na kuwa mweusi, na pale hewa ya joto ikaipokea. Ilipanda. Haikuwa na injini, na ilipanda. Tonton alitua ndege yake kwa haraka, akaiacha majanini kama kitu cha mtu mwingine, akapita mbele yangu, akaenda kusimama karibu na Papa. Walitazama juu wote wawili, na nadhani kama wangeweza kutazamana swali lililofuata lisingeulizwa.

"Juu ya nini hamukuningoya?" Tonton aliuliza.

Papa alisema kwa sauti ya chini kwamba alipiga simu siku tatu, kwamba mwili haukuweza kukaa zaidi, kwamba padri alikuwa anasafiri. Aliyasema yote kama anayesoma ubaoni. Planeri ilipiga duara moja zima. Kisha Papa akasema, "Siku mbili tu. Nilipashwa kukungoya." Tonton alijifuta uso kwa kiwiko na kumwambia apunguze kushoto, atapoteza kimo.

Ilikaa hewani dakika saba. Ilipotua, hawakukumbatiana. Walianza kubishana papo hapo kuhusu uzito wa pua, moja kwa moja, mdomo kwa mdomo, kwa sauti kubwa, na waliendelea kubishana wakishuka hadi barabarani. Walikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma na kiatu kisicho na kamba, nimebeba ndege zote mbili, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzichukua. Jumapili iliyofuata walikwenda Mudaka pamoja kusafisha kaburi. Mimi nilikuwa nimesharudi shule. Minova niliiona miaka mitatu baadaye.

Leo kilima kile kina nyumba za mabati karibu hadi kileleni, na vijana wa Bukavu hupiga picha za harusi kwa droni wanazozinunua zikiwa zimekamilika, hata gundi hawaijui. Papa amestaafu, na Tonton amejenga nyuma ya ua wake. Huongea siku nzima kupitia dirisha la jikoni, na wasipoonana hupigiana simu. Mimi nami nimekuwa mtu mgumu kidogo. Kazini wenzangu wananijua: ukiniambia nimfikishie fulani jambo, nitakuonyesha mlango wa ofisi yake. Wengine huona ni kiburi. Sijawahi kuwaeleza.

Pasaka iliyopita tulikula wote kwa Papa. Watoto wangu walimwomba awaeleze kuhusu ndege, naye akawaeleza dakika zile saba, duara kwa duara, Tonton akimsahihisha. Kwa Papa, siri ilikuwa ile hewa ya joto. Kwa Tonton, siri ilikuwa kuachilia kwa wakati wake barabara. Nilingoja nijitokeze katika hadithi hiyo. Waliitua planeri bila mimi. Kisha Papa akanigeukia, uso umejaa upole wa kweli, akaniuliza, "Na wewe, siku ile ulikuwa wapi?"

Watoto wangu walinitazama. Niliweka uma chini, nikavuta kiti changu karibu na meza, nikaanza kuwaeleza wote, tangu pale Papa alipotoa nguo zangu kwenye mfuko.