Siku Ishirini na Tatu za Ziada

Mafunzo yangu ya kazi yalikuwa yaishe siku ya Alkhamisi. Asubuhi ile nilivaa baibui jipya na nikatia kamera mkobani, nikikusudia kuipiga picha ofisi nzima kabla ya kuagana. Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo: vyumba viwili juu ya duka la vitambaa huko Kiponda, kompyuta sita, na madirisha yaliyotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Tulikuwa watu watatu tu. Mwenye kampuni alikuwa mtu wa Makunduchi aliyesomea kompyuta ng'ambo kisha akarudi. Tukimwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kusomesha hesabu. Wa pili alikuwa dada mmoja wa Jang'ombe, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu minne, aliyepokea wateja na kujibu simu. Wa tatu ni mimi, mwanafunzi niliyekuja kutoka Maskati kwa miezi minne.

Nimezaliwa Maskati, lakini nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Baba aliondoka Unguja akiwa kijana na hakurudi tena, hata kwa matembezi. Chuo kilipotutaka kila mmoja atafute kampuni ya kufanyia mafunzo, wenzangu walichagua Dubai na Bahrain. Baba akasema mimi niende Unguja. Shangazi yake alikuwa bado yupo Mji Mkongwe, peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili, na kampuni baba aliitafuta mwenyewe kwa simu. Nilikubali siku ile ile. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwahi kulala mahala ambapo baba yangu hayupo. Nilidhani nakwenda kupumua.

Bibi, ndivyo nilivyomwita huyo shangazi yake baba, hakuniacha nitoke peke yangu hata siku moja. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni mwendo wa dakika saba. Kwa Bibi ilikuwa nusu saa, kwa sababu ya goti lake, na kwa sababu kila baraza alisimama kuamkia na kuamkiwa. Wiki ya kwanza nilimwambia, "Bibi, njia nshaijua."

"Najua kama unaijua," alinijibu, akaendelea kufunga ukaya wake kichwani.

Alasiri, kabla saa kumi haijagonga, nikichungulia ngazini nilimwona chini, amekaa kwenye kiti cha muuza vitambaa, mikono juu ya mkoba, ananingoja. Tukifika nyumbani aliufunga mlango kwa komeo na kufuli, na ufunguo akautia kwenye mfuko wa ndani wa gauni lake. Dirisha la chumba changu lilitazama uchochoro. Nilisikia watu wakipita, wakicheka, wakigombana, viatu vyao vikilia juu ya mawe, nami nimekaa kitandani na kitabu nilichokwisha kukisoma mara mbili.

Basi ofisi ndiyo iliyokuwa uwanja wangu. Kiswahili changu kilikuwa cha baba, cha miaka aliyoondoka yeye. Mara ya kwanza niliposema "motokaa" yule dada wa Jang'ombe alicheka mpaka ikabidi aweke simu chini. Lakini kazi niliiweza. Nyumba ndogo za wageni mjini zilikuwa zikiandika nafasi za wageni kwenye daftari, na mara kwa mara chumba kimoja kikapewa watu wawili. Mwalimu alitaka programu ya kuhifadhi nafasi hizo. Niliiandika mimi, mstari kwa mstari, na nyumba nne zikainunua. Ikiharibika niliitengeneza mimi. Kulikuwa na wiki nzima ambayo ilichanganya siku na mwezi, mgeni wa tarehe tatu mwezi wa nne akaandikiwa tarehe nne mwezi wa tatu, na nilizunguka nyumba zote nne kuirekebisha, Bibi nyuma yangu akilalamikia ngazi.

Alkhamisi ile, nilipomwambia Mwalimu kwamba leo namaliza, aliniangalia kama niliyemwambia jambo la ajabu.

"Unamaliza vipi? Nyumba ya tano wanaianza Jumatatu."

"Mwalimu, miezi minne imekwisha. Imebaki fomu ya chuo, uitie saini na muhuri. Na pasipoti yangu."

Pasipoti alikuwa nayo yeye. Aliichukua katika mwezi wangu wa tatu ili aniongezee muda wa kukaa, na muda uliongezwa, lakini pasipoti haikurudi. Ilikuwa ndani ya mkoba wake wa ngozi pamoja na fomu yangu.

"Ntakutilia," alisema. "Kwanza tumalize hii ya tano. Wiki moja tu."

Hakuwa mtu mbaya. Alipozungumza na mama yake kwenye simu, kwa Kimakunduchi chao ambacho mimi nilikamata neno moja katika matano, sauti yake ililainika kama ya mtoto. Ila alikuwa ameahidi watu kitu asichoweza kukifanya bila mimi, na kila nilipomtajia fomu alisema kesho, na kesho yake akasema kesho. Wiki moja ikawa mbili. Tiketi yangu nikaisogeza mbele. Bila ya fomu ile nisingehitimu. Bila ya pasipoti nisingevuka popote. Nilianza kuamka alfajiri nikihesabu siku.

Jumapili ya wiki ya pili Bibi alinipeleka Kidichi. Zamani shamba la karafuu la ukoo wetu lilikuwa huko. Sasa wanaishi watu wengine, na Bibi huenda kwao kununua mdalasini na mchaichai bila ya kinyongo chochote ninachokiona. Mwenye shamba alitutandikia mkeka, mkewe akatumenyea machungwa. Bibi akanishika bega mbele yao.

"Huyu ndiye mjukuu wangu wa Maskati," alisema. "Kashahamia. Mimi nikifa, ndiye mwenye nyumba. Mkija mjini mfikie kwake."

"Mungu akuweke, Bi," yule mwanamke alimjibu, na akanigeukia kwa furaha. "Karibu nyumbani, mwanangu."

Nilisema ahsante. Chungwa nililokuwa nalo mkononi nililishikilia mpaka tukaondoka. Njiani kurudi, Bibi alinieleza kuwa seremala wa Darajani keshaanza kutengeneza kitanda kipya, na kwamba chumba cha juu atakipaka chokaa kabla ya Ramadhani, kwa kuwa kina upepo zaidi na kitanifaa nikiolewa.

Kesho yake nilimpigia baba simu kutoka ofisini. Nilimuuliza alimwambia nini Bibi.

"Nilimwambia unakuja."

"Kukaa miezi minne, au kuhamia?"

"Sikutaja miezi," alisema. "Wewe humjui. Kila mtu aliyeondoka katika nyumba ile alimwambia anarudi. Mimi mwenyewe nilimwambia. Nikaona nikimwambia unakwenda kwa miezi minne, hatakupokea."

"Sasa nani atamwambia?"

"Wewe uko naye hapo, mwanangu. Mwambie taratibu. Atakusikia zaidi kuliko mimi."

Niliweka simu chini na nikakaa pale pale. Yule dada wa Jang'ombe alikuwa amesikia kila kitu, kwani tulikuwa chumba kimoja. Aliniwekea kikombe cha chai, kisha akakaa mbele yangu.

"Bibi yako simuwezi," alisema. "Lakini huyu bwana hapa namjua. Hatakuachia mpaka awepo mwengine wa kuishika hiyo programu. Nifundishe mimi."

Nilimwambia kuwa itachukua muda.

"Usidhani nakusaidia wewe," aliongeza. "Miaka miwili nachemsha chai hapa. Nataka kazi ya kukaa kwenye kompyuta, na mshahara wake."

Tulianza siku hiyo hiyo. Mwalimu akitoka kwenda kuonana na wateja, tulifungua programu na nilimwonyesha. Umeme ukikatika, na siku zile ulikatika karibu kila siku, tuliandika amri kwa kalamu kwenye karatasi, na mimi nilimuuliza, "Mgeni kaghairi kuja, utafanyaje? Mashine imezimika katikati ya kazi, utaanzia wapi?" Usiku nyumbani, nyuma ya kufuli la Bibi, niliandika mwongozo kwa Kiswahili, kurasa ishirini na sita. Maneno mengi sikuyajua na nilimuuliza yeye asubuhi. Alinifutia "mahifadhio" akaandika "stoo". Alikuwa na akili kali na hakuwa na subira. Akikosea aliigonga meza.

Siku ya kumi na tisa tangu Alkhamisi ile, nyumba ya wageni mojawapo ilipiga simu. Umeme ulikatika wakati karani anaandika, na uliporudi orodha yote ya wageni haikuonekana. Mwalimu alinigeukia.

"Chukua baibui lako, nenda."

Nilibaki kwenye kiti. Sikuwahi kumkatalia mtu mzima kitu chochote maishani mwangu. "Atakwenda yeye," nilisema.

"Yeye nani?"

Dada wa Jang'ombe alikuwa keshasimama, diski zenye nakala za akiba mkononi. Mwalimu alichukua mkoba wake. Akaamua kumfuata. Mimi nilibaki peke yangu ofisini kwa saa mbili, nikipanga na kupangua kalamu. Waliporudi, Mwalimu alikuwa mbele, akaenda moja kwa moja kunywa maji.

"Kairudisha," alisema. "Yote, ila wageni wawili wa leo, na hao wamewauliza majina upya."

"Na sasa tuzungumze mshahara," alisema yule dada kutoka mlangoni.

Kesho yake Mwalimu aliitia fomu yangu saini na muhuri, akanikabidhi na pasipoti. Katika sehemu ya maoni aliandika mistari sita mizuri. Aliniomba radhi kwa namna yake: alisema kwamba kazi ikiwa nyingi mtu husahau kuwa wengine nao wana mipango. Niliipokea radhi ile. Nilidhani nitafurahi zaidi kuliko nilivyofurahi.

Ilibaki nyumba. Nilimkuta Bibi chumba cha juu, fundi wa chokaa ameshaondoka, yeye anapangusa matone sakafuni kwa kitambaa. Nilikaa chini karibu naye.

"Bibi."

"Naam."

"Mafunzo yangu yamekwisha. Jumamosi narudi Maskati. Mimi sikuja kuhamia, Bibi. Nilikuja kwa miezi minne."

Aliendelea kupangusa. "Baba yako kakwambia uniambie?"

"Naam."

"Mwambie sikusikia."

Nilirudia, kwa sauti ya chini, nikamshika mkono. Aliuondoa mkono wake bila ya ukali na akaniuliza kama nataka kitanda kielekee dirishani au ukutani. Siku mbili zilizofuata nilimwambia kila siku, na kila siku alinijibu jambo jengine. Ijumaa kitanda kililetwa. Aliwasimamia wachukuzi wakikipandisha ngazi, akakitandika shuka jipya, na usiku ule akaniambia nilale huko juu. Nililala. Chumba kilinuka chokaa mbichi, na niliona kuwa kweli kilikuwa na upepo zaidi. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa kuona haya, na sikujua hasira ni ya nani. Ya baba, nadhani. Na yangu, kwa kuwa nusu yangu ilitaka asubuhi anikatalie kabisa nisitoke, ili nisiwe mimi niliyemwacha.

Jumamosi mlango ulikuwa wazi nilipoteremka. Teksi ilikuwa barabarani. Yule dada wa Jang'ombe alikuja kunisindikiza akabeba sanduku moja. Bibi alikuwa juu ya mswala, anasali. Nilikaa nyuma yake kungoja atoe salamu. Alimaliza rakaa mbili akasimama tena. Akamaliza akasimama tena. Goti lilimuuma, niliona jinsi alivyolishika kila alipoinuka. Dereva alipiga honi mara ya pili.

"Twende, mwenzangu," dada alininong'oneza. "Hataki uione sura yake."

Nilimwambia Bibi mgongoni kwake kwamba nakwenda, na kwamba namwomba radhi. Nikatoka.

Nilihitimu. Yule dada alinitumia barua pepe ndefu zenye makosa mengi na habari nyingi. Mshahara wake ulipandishwa, na nyumba za wageni zikafika tisa. Alikuwa akipita kwa Bibi kila wiki bila ya mimi kumwomba. Kwa miezi saba Bibi hakuja kwenye simu. Nikipiga, jirani mwenye simu aliniambia Bibi amelala, amekwenda arusini, yuko msalani.

Baba alitaka Bibi apelekewe barua, yeye aiandike mimi niisaini. Tulikuwa mezani, mama akitupakulia. Nilimwambia, "Baba, mimi sipeleki tena maneno yako. Nenda mwenyewe."

Mama aliacha kupakua. Baba akala chakula chake chote. Mwezi uliofuata alikata tiketi. Alikaa Unguja siku kumi na moja, yeye ambaye hakukanyaga kule tangu ujana wake. Aliporudi hatukupata hadithi kutoka kwake, ingawa tulimzunguka sote. Alisema goti la Bibi limezidi, na kwamba ngazi za ile nyumba ni mbaya, na kwamba Bibi hamfungulii mtu mlango mpaka ataje jina lake, la baba yake na la babu yake. Baada ya Idi alikata tiketi nyengine ya Unguja.