Meli Nyeusi Mfukoni mwa Koti

Kila ninapopita mahali robota la mitumba linapofunguliwa, ile harufu ya dawa na nguo zilizobanwa muda mrefu hunirudisha Nyakanazi, kwenye turubai la mama, nikiwa binti wa miaka tisa.

Mama aliuza makoti. Mimi nilikusanya meli. Nieleze vizuri. Zilikuwa sarafu nene za plastiki, za aina wanayochezea kamari kwenye kasino, ila hizi zilitengenezwa kuwa za kumbukumbu tu, na kila moja ilichorwa Titaniki na mabomba yake manne ya moshi. Mtu fulani huko mbali alizisahau mifukoni, makoti yake yakafungwa robota moja, yakatufikia. Nyekundu niliikuta kwenye koti nililopewa mimi, ya kijani kwenye la kaka. Ya bluu niliipata kwa jirani yetu Zaituni kwa goroli sita, na alinibana kweli. Dereva mmoja wa lori alipomwambia baba kuwa hivyo ni vitu vya kamari, baba alizigeuzageuza, akasema mradi sichezi, meli ni meli.

Mama alikuwa na sheria moja: kilichomo mfukoni ni cha mnunuzi, tusipekue. Asubuhi moja nikipanga makoti nilipekua, vidole vikagusa sarafu; nikachungulia, nikaona ni nyeusi, ambayo sikuwa nayo. Sikuitoa. Nililificha koti lenyewe chini ya rundo, nikiamini lisipouzika litaletwa nyumbani.

Mchana akaja bibi kutoka Murusagamba, kule mlimani, khanga zake mabegani zimelowa mvua. Akachambua rundo mpaka chini, akalivuta lile lile.

“Shikamoo bibi. Hilo lina tundu,” nikasema.

“Marahaba. Liko wapi?”

“Kwapani.”

“La kwangu la zamani lilikuwa na matatu. Moja nitalishona.” Akaingiza mkono, akatafuta makwapa yote mawili. “Mbona silioni, mjukuu wangu? Au limejiziba?”

Mama alicheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka. “Mvalishe bibi koti lake.”

Nikamvalisha. Akatia mkono mfukoni, akaitoa meli nyeusi. “Kifungo gani hiki? Sindano itapita wapi?”

Nilifungua mdomo niombe. Mama akaniwahi. “Ni chako, bibi. Kimekuja na koti.”

Nilinuna siku mbili, nikiamini mama amempenda mteja kuliko mimi. Miaka ilipita kabla sijaelewa alichokiona usoni mwangu mchana ule: kwamba kwa ajili ya kipande cha plastiki nilikuwa tayari kumrudisha mwanamke mzee mlimani na mabega yaliyolowa, tena kwa uongo wenye heshima.

Ninazo tatu mpaka leo. Wanangu wakiuliza kama kulikuwa na nyingine, nawaambia ipo, nyeusi, iko Murusagamba kwa mwenyewe.