Doa la Bibo kwenye Shela ya Jubilei

Harufu ya mabibo yaliyoanguka ikiingia ndani ya nyumba, mimi siwezi kukaa kitako. Si harufu mbaya. Ni tamu, imechacha kidogo, inakwama kooni kama neno ulilokataa kulisema. Wiki hii imejaa uani kwangu hapa Rasbura, maana mkorosho wa jirani umeinamia kwetu, na mjukuu wangu Mwanahawa anafagia uwanja mara tatu kwa siku bila kutumwa. Mtoto anayefagia bila kutumwa, mwangalieni vizuri. Nitarudi kwake.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinidai maneno ya kupendeza. Nitasema kilichotokea.

Nilipokuwa mtoto tulikaa bara, njia ya kupandia Rondo. Baba alikwisha kufariki, na mama alikuwa akifua nguo za masista. Sisi Waislamu, wao Wakatoliki, na hakuna aliyeona ajabu. Mama aliwaamkia shikamoo, waliomzidi umri wakaitikia marahaba, akajitwika kapu lake akaenda kisimani. Kibarua hicho ndicho kilichotulisha.

Nguo za masista ni nyeupe, na nguo nyeupe kwetu ina adui mmoja. Maji ya bibo yakidondokea kitambaa huoni kitu. Yanakauka, yanapotea. Nguo ikishapata joto ndipo doa linatoka, kahawia kama kutu, na hapo ulifue kwa majivu, kwa ndimu, kwa matusi, halitoki. Sheria ya mama ilikuwa moja: ukila bibo, usisogelee kamba ya nguo mpaka unawe. "Bibo halitunzi siri," alikuwa akisema.

Mwaka huo Sista Anselma alitimiza miaka ishirini na mitano ya nadhiri zake. Alikuwa binti wa Kimwera, mtoto wa mkulima kama sisi, wa kwanza kufikisha jubilei katika nyumba ile. Masista wa nyumba nyingine walikuwa waje kwa lori, pamoja na Mama Mkuu wao, ambaye nilimwogopa kuliko chatu. Aliwahi kumwachisha kazi mpishi kwa sababu ya wali kuungua. Kwa ajili ya siku hiyo ilishonwa shela mpya ya kichwani, moja tu, ndefu mpaka katikati ya mgongo. Mama aliifua peke yake, akaitia buluu, akaichovya kwenye wanga wa muhogo, akaianika.

"Somoe," akaniambia, "ikikauka, anua."

Nikaanua. Ila njiani nilikuwa nimeokota bibo jekundu, limeiva mpaka limepasuka, na maji yake yalinitiririka hadi kiwiko. Niliposhika shela niliona unyevu wa mkono wangu waziwazi, vidole vinne na dole gumba. Nikapuliza. Upepo ukapita, unyevu ukaenda. Nikabaki nimeshika kitambaa cheupe, safi kabisa.

Zilibaki siku mbili. Siku mbili hizo sikuwa mtu. Chakula kilinishinda. Nilichota maji wakati mtungi umejaa. Nilifagia pasipo na uchafu. Niliwaza kuiba shela niitumbukize kisimani, nikawaza kusema, na kila nilipotaka kusema nilimwona yule mpishi akiondoka na mkeka wake kwapani.

"Una nini wewe?" mama aliuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, mama."

Siku ya pili alitia mkaa kwenye pasi. Nilisimama karibu mno mpaka akanifukuza, nisije nikaungua. Pasi ilikwenda, ikarudi. Mara moja tu ilisimama hewani. Kisha mama akaigeuza shela, akaimaliza, akaikunja taratibu.

"Somoe. Una neno?"

"Sina."

Akaiweka kapuni. Nikajiambia doa halikutoka.

Siku ya jubilei misa ilisaliwa nje, kwa kuwa watu hawakuenea kanisani. Nasi majirani tusio wa dini yao tulisimama nyuma. Sista Anselma alipita na taji la maua kichwani na mshumaa mkononi, vigelegele vikampokea. Wenzangu walitazama taji. Mimi nilitazama mgongo. Kadiri jua lilivyopanda, doa nalo lilipanda. Kwanza kivuli, halafu rangi ya chai, halafu kutu. Vidole vinne na dole gumba, vimemshika mtawa mgongoni mbele ya altare.

Misa ilipokwisha, kabla ya pilau, Mama Mkuu alimwita mama mbele ya watu.

"Mama Somoe, nani kaishika shela hii?"

Mama hakumeza hata mate. "Ni mimi, Mama. Nilikula bibo nikasahau kunawa."

Mama alikuwa na viganja vipana kama jembe. Watu wakaviangalia, wakaliangalia doa. Mpishi mpya akacheka kwa pua. "Leo mkono wako umenywea, dada?"

"Basi kazi ya nguo imekushinda," alisema Mama Mkuu.

Mama akainamisha kichwa. Sijui nani alinisukuma. Nilipenya katikati ya makanga na makanzu, nikanyoosha mkono, nikauweka juu ya lile doa. Ukaenea sawasawa.

"Ni mimi," nikasema.

Sista Anselma akageuka, taji limelala upande. "Lilikuwa jekundu au la njano?"

"Jekundu."

"Hayo ndiyo matamu." Akacheka mpaka mshumaa ukazimika.

Mama Mkuu hakucheka. "Kuanzia Jumamosi utakuja kufua na mama yako, mpaka mabibo yaishe."

Na mama yako. Niliposikia hayo, nilijua mama hakuachishwa kazi. Sista Anselma akakataa kubadilishiwa shela. Alicheza ngoma hadi alasiri na mkono wangu mgongoni.

Njiani kurudi mama alisema jambo moja tu: "Umenifanya mwongo mbele za watu." Miaka mingi nilidhani hasira yake ilikuwa ya kuumbuliwa. Nilikuwa nimeshazaa nilipokumbuka jinsi jibu lake kwa Mama Mkuu lilivyotoka haraka. Uongo wa namna ile hautungwi papo hapo. Alikuwa ameliona doa wakati wa kupiga pasi, akauandaa ule uongo tangu hapo, na kabla ya kuutumia alinipa nafasi niseme mwenyewe. Una neno? Mlango aliufungua, mimi nikaurudishia.

Leo asubuhi nimepiga pasi mtandio wangu wa kuswalia. Vimetoka vidole viwili, vya kahawia. Nimemuuliza Mwanahawa, una neno? Amesema, "Sina, bibi," akachukua ufagio.

Nimekaa barazani. Nasimama, nakaa tena. Zamani nilidhani siku zile nilihangaika peke yangu. Kumbe mama naye alikuwa akingoja, na kungoja mtoto aseme ni kazi kuliko kufua.

Ufagio umenyamaza. Nasikia ndara zinakuja nyuma yangu. Sigeuki.