Mchango Wangu Kwenye Kiberiti

Miaka ya tisini, vijana wa Kikonongo pale Inyonga walitafiti minyoo pamoja na daktari mmoja. Wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza, “Una mchango?”, wakimaanisha minyoo, watu walifunga milango: “Tulishachangia shule!” Utafiti ukakwama. Wakaniita mimi, muuza mitumba nisiyeshindwa na maneno.

“Kaka, kesho kikaoni uje na mchango wako.”

“Wangu mwenyewe?” Nikauliza mara mbili, maana mimi sikosei.

“Wako mwenyewe.”

Zamu yangu ilipofika, nikaweka kiberiti mezani kwa heshima zote. Kalunde, kiongozi wao, akakifungua, akaruka.

“Choo! Kaka, tulitaka maoni!”

Wakacheka mpaka daktari akatoka nje. Kalunde akafuta machozi, kisha akafuta “mchango” kwenye kila swali, akaandika “minyoo”.

“Kumbe yupo mmoja aliyetuelewa,” akasema.