Kitumbua cha Asiyelia

Wiki jana, kwenye zahanati moja ya mtaa wa Bel-Air, muuguzi alimwonyesha mtoto bonbo, peremende tamu, kabla ya kumchoma sindano. "Kama haulie, iko yako." Mtoto akakaza midomo, machozi yakabaki machoni, na sisi akina mama tukapiga makofi. "Ile njo motisha," muuguzi akasema akicheka. Mikono yangu mimi ilishindwa kuendelea.

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikaanza kukaanga vitumbua vya kuuza. Wadogo zangu watatu walimlilia mama kutwa, na kilio chao kilinitisha kuliko njaa. Basi nikatangaza kwamba asiyelia mpaka jioni atapata kitumbua. Nyumba ikanyamaza. Nami, kwa akili yangu ya kitoto, nikadhani wamepona.

Alasiri moja, uani kukinuka mafuta ya moto, nilisikia sauti nyembamba kama mluzi nyuma ya choo. Nikamkuta Mado, kitinda mimba wetu, amejikunja, amejaza mdomoni kikwembe, kitenge alichokuwa akivaa mama. Mabega yalikuwa yakitetemeka. Aliponiona alikitoa haraka, kimelowa mate.

"Yaya, siyalia," akaniambia mimi dada yake. "Hauyasikia kintu, eh? Unipe kitumbua yangu."

Leo ningemkumbatia kwanza. Siku ile nilimchagulia kikubwa, nikamsifu mbele ya wenzake, kisha nikamwahidi kwamba kesho, akinyamaza vilevile, nitampa viwili.